Abiria Mmoja Mwenye Tiketi

Kwa miaka minne Munzir Dabbusi aliendesha treni ya juu ya Maonyesho ya Dunia, na kwa miaka hiyo minne hakumbeba binadamu hata mmoja. Alibeba magunia. Yalikuwa arobaini na manane, kila moja limejazwa kilo sabini za mchanga wa ufukweni, kwa sababu mafundi walioileta treni kutoka ng'ambo waliacha sharti la maandishi: chombo kisikae bure. Kizunguke kila siku kikiwa na uzito wa watu mpaka siku ya ufunguzi, la sivyo magurudumu yake ya mpira yatapinda. Siku ya ufunguzi ilikwisha kutangazwa mara nne. Mara nne tiketi zilipigwa mhuri wa tarehe mpya juu ya tarehe ya zamani, na mara nne waziri alibadilishwa huko Beirut kabla rangi ya kuta haijakauka.

Basi uwanja ukakaa pale ukingoni mwa mji wetu, kati ya mashamba ya michungwa na bahari, kama mtu aliyevaa kwenda harusini akasahau ni harusi ya nani. Palikuwa na gurudumu kubwa la bembea ambalo viti vyake vilipelekwa bandari nyingine kwa makosa. Likasimama tupu, duara la chuma lenye anga ndani yake. Palikuwa na ngazi za kujiendesha zilizopanda hadi ghorofa ambayo haikujengwa. Na juu ya hayo yote, kwenye reli moja ya zege iliyoinuliwa mita sita, treni ya Munzir, nyeupe yenye mstari mwekundu, ilizunguka tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, dakika tisa kila mzunguko, na magunia yameketi wima vitini kama watu wanaokwenda kutoa pole.

Munzir hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na kofia ya kazi aliyoipiga pasi mwenyewe. Lakini mtu hawezi kukaa miaka minne na watu arobaini na wanane bila kuwasalimu. Asubuhi aliwaamkia. Mawili ya mbele yaliyoegemeana aliyaita maharusi. Moja lililokuwa likivuja mchanga kila mara, hata likishonwa namna gani, alilipa jina la Hajati, akaliweka karibu na mlango lipate hewa. Magunia yote yalishonwa na mke wake, Wisal, ambaye ndiye mwanamke pekee mjini aliyekuwa na kibali cha kuingia uwanjani. Kila Alhamisi alikuja na sindano yake nene kuziba yaliyopasuka, akamwuliza mumewe, "Abiria wako hawajambo?" na mumewe akajibu, "Wanakusalimu, Mama Hilal," na hapo walicheka wote wawili.

Aibu ya Munzir haikuwa magunia. Ilikuwa ulimi wake.

Wanaume wengi wa kwetu huapa kwa talaka kama wengine wanavyopiga chafya. Munzir alikuwa ameapa hivyo mara mbili, na mara zote mbili kiapo kilimshinda. Mara ya kwanza aliapa mbele ya muuza matikiti kwamba tikiti lile ni jekundu ndani, mke wake ameachika kama si jekundu. Lilipasuliwa likawa jeupe kama jibini. Mara ya pili aliapa hatacheza dama tena na jirani yake, akashikilia siku tano. Sheikh Nadim wa msikiti wa soko la mafundi shaba alizihesabu zote mbili, akamrudishia mke wake mara zote mbili, na mara ya pili alimwambia, "Imebaki moja, Baba Hilal. Ukiitoa hiyo, mimi sina tena mlango wa kukufungulia." Wisal naye alisema neno lake, lakini alilisema jikoni, kwa sauti ndogo, na ndilo lililomtisha Munzir zaidi: "Safari ijayo, hata sheikh akipata mlango, mimi sipiti."

Sasa, reli ile ilikuwa na kona moja iliyopita juu ya ukuta, karibu na barabara, mahali ambapo muuza kahawa aliweka viti vyake vifupi. Treni ilipunguza mwendo pale, na dereva aliyefungua dirisha aliweza kusema sentensi moja, pengine moja na nusu, kabla kona haijamchukua. Kusimama hakuruhusiwi. Treni ikisimama nje ya kituo, kengele hulia, umeme hukatika, na fundi huagizwa Beirut, naye huja akipenda. Kwa hiyo mazungumzo yote ya Munzir na mji wake yalikwenda kwa vipande, dakika tisa kati ya kipande na kipande.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka mmoja kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, shemeji yake Safwan alikuwa amekaa pale akinywa kahawa. Safwan, ndugu wa Wisal, aliendesha teksi kwenda Beirut na kurudi, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko safari zake. Treni ilipotokea, akapaza sauti:

"Shemeji! Abiria wako leo wanasemaje?"

Wanywaji kahawa wakacheka. Munzir akapita. Dakika tisa baadaye akarudi na jibu lake.

"Wanamshukuru Mungu hawakupanda gari lako!"

Wakacheka zaidi, na safari hii wakamcheka Safwan. Akangoja. Treni ilipotokea tena alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Mimi nabeba watu, bwana! Wewe ni mchukuzi wa mchanga aliyevishwa kofia!"

Dakika tisa ni muda mrefu kwa mtu aliyetukanwa. Zilimtosha Munzir kupita juu ya michungwa, kupita juu ya gurudumu lisilo na viti, kuiona bahari, kuona kutoka mbali paa la nyumba yake na nguo zilizoanikwa. Zilimtosha kabisa kutulia. Badala yake alizitumia kunoa ulimi. Alipofika konani alikuwa ametoa kichwa na mkono nje ya dirisha.

"Talaka iwe juu yangu! Sishuki kwenye treni hii mpaka apande abiria mwenye tiketi!"

Kona ikamchukua. Nyuma yake hakusikia kicheko. Alisikia muuza kahawa akiacha kugonganisha vikombe vyake. Aliporudi tena, watu wote walikuwa wamesimama, na Safwan, uso umempauka, alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Hiyo ni ya tatu, Munzir."

Jioni ile aliiegesha treni kwenye Kituo cha Kwanza, katikati ya uwanja, akafungua mlango, akainua mguu. Ukabaki hewani. Jukwaa lilikuwa umbali wa shubiri moja. Aliuangalia mguu ule kama si wake, akaurudisha ndani, akafunga mlango, akaketi karibu na Hajati.

Siku zilizofuata mji ulijifunza kuishi na jambo lile. Munzir alilala juu ya maharusi, akanawa kwa ndoo aliyopewa na mlinzi, na saa mbili kamili akaanza kuzunguka kama kawaida, kwa sababu hakuapa kuacha kazi. Chakula alikipata konani: alining'iniza kikapu kwa kamba dirishani, kama akina mama wanavyoshusha vikapu vyao kutoka ghorofani kununua mboga, ila kikapu hiki kilikuwa kinakwenda, na Safwan alikimbia chini yake na sufuria ya wali wa dengu, akilaani na kupumua, mpaka alipopata kuitumbukiza. Siku ya kwanza alikimbia mizunguko mitatu. Wali ulifika umepoa.

Hakuna aliyemhangaikia Munzir kuliko Safwan, na sababu yake haikuwa siri. Wisal akiachika atarudi kwa ndugu yake. Ndugu yake alikuwa na vyumba viwili, mke, mama mkwe, na sasa Wisal angekuja na cherehani ya chuma inayopiga kelele kama bunduki. "Nakuomba, shemeji," alipiga kelele akikimbia, "usiteleze! Ukitaka kukohoa, kohoa umekaa!"

Siku ya tatu alimleta Sheikh Nadim. Walimwekea kiti konani, wakampa kahawa, na fatwa ikaanza kutolewa kwa vipande.

"Ulitamka ukiwa na akili yako?" aliuliza sheikh.

Dakika tisa.

"Ndiyo, maulana!"

Dakika tisa.

"Ulikusudia nini kwa neno abiria?"

Hapo Munzir alizunguka mara mbili bila kujibu, kwa sababu hakujua. Alikuwa ametumia neno hilo miaka minne kwa magunia. Mara ya tatu alisema, "Abiria, maulana! Kama abiria wote!" na sheikh akaandika jambo kwenye daftari lake, akaagiza kahawa nyingine.

Mkurugenzi wa maonyesho, Ustadh Rizkallah, mtu mwembamba mwenye tai hata Jumapili, alipata habari akafurahi sana. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Alikuja konani na faili kwapani akamwonyesha sheikh fomu za kila siku. Fomu ile ilikuja na treni kutoka ng'ambo, na ilikuwa na sanduku moja tu la kujaza, Idadi ya Abiria, nalo kila siku Munzir alilijaza kwa mwandiko mzuri: arobaini na wanane.

"Kwa mujibu wa nyaraka," alisema Ustadh Rizkallah, "bwana huyu amekwisha kubeba abiria zaidi ya elfu hamsini. Ashuke."

"Magunia yana tiketi?" aliuliza sheikh.

"Tunaweza kuyapa. Tiketi ninazo, masanduku kwa masanduku."

Sheikh Nadim alifumba macho muda mrefu hivi kwamba treni ilipita mara mbili. Alipoyafumbua alisema, "Hapana. Abiria ni mtu anayeweza kuchelewa. Gunia halichelewi." Wanywaji kahawa wote walikubali kwamba hilo lilikuwa neno la kitabu.

Mkurugenzi aliudhika. Akasema kama ni hivyo, abiria hapatikani, maana raia haruhusiwi kuingia uwanjani kabla ya ufunguzi. Sheikh akasema wafanyakazi wa maonyesho nao hawafai, maana mfanyakazi hapandi, anatumwa. Tena, akaongeza, na hapo Safwan alishika kichwa, abiria ni mtu anayetoka mahali akaenda mahali. Treni hii inaondoka Kituo cha Kwanza na kurudi Kituo cha Kwanza. Anayeshukia alipopandia hakusafiri, alizungushwa tu. Lazima ashuke kituo kingine.

"Vituo vingine havijakwisha!" alisema mkurugenzi. "Cha Pili kina jukwaa lakini hakina ngazi. Mtu akishuka pale atabaki hewani."

"Kubaki hewani ni juu yake," alisema sheikh. "Kiapo hakikutaja ngazi."

Wakatafuta basi mtu mwenye kibali ambaye si mfanyakazi. Wachomeleaji wa gurudumu la bembea walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Wapaka rangi walikataa. Walisema chombo kilichobeba mchanga miaka minne kinaogopwa na mtu mwenye watoto. Jioni ile, orodha yote ya vibali ilipokwisha kusomwa, lilibaki jina moja. Mshonaji wa magunia, asiye na mshahara wa maonyesho.

Munzir aliyapata hayo kesho yake, kwa vipande.

"Ni Wisal tu!" alipiga kelele Safwan.

Dakika tisa.

"Nimemwuliza. Amekataa!"

Dakika zile tisa zilikuwa ndefu kuliko miaka minne. Munzir hakuiona bahari. Alizunguka na magunia yake, na kwa mara ya kwanza aliyaona yalivyo: vitambaa vilivyoshonwa mshono juu ya mshono, kila mshono umekazwa na mkono mmoja, Alhamisi baada ya Alhamisi, ili mchanga uliochotwa pwani upate kukaa kitini kwa heshima. Hakuna aliyewahi kuuona mkono ule. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama mbele.

"Hakukataa kabisa kabisa!" alisema Safwan aliporudi. "Amesema hivi: mwambie ana magunia arobaini na manane, yatamzika!"

Dakika tisa.

"Lakini alisema akicheka!"

Dakika tisa.

"Sina hakika kama alikuwa akicheka!"

Kutoka upande wa bahari, kwa nusu dakika, Munzir aliweza kuliona paa la nyumba yake. Tangu Jumatatu ile alikuwa akiitazama kamba ya nguo kila mzunguko. Shuka zilikuwepo, nguo za watoto zilikuwepo, kanga ya jikoni ilikuwepo. Shati lake hata moja halikuwepo. Siku ya sita, saba, nane, hakuna. Jumatano ya siku ya kumi, mnamo saa tano asubuhi, palikuwa na shati la samawati mwisho wa kamba, limebanwa kwa kibanio kimoja tu, begani, kama mtu aliyeshikwa sikio. Alizunguka mara tatu kuhakikisha kwamba ni lake.

Alhamisi iliyotangulia Wisal hakuonekana, lakini Alhamisi hii alikuja, kama ilivyo desturi yake. Alipanda ngazi za Kituo cha Kwanza na kikapu cha sindano, akasimama jukwaani mbele ya mlango. Munzir alivua kofia. Ndevu zilikuwa zimemwota mpaka masharubu yalipotea ndani yake.

"Wamepasuka wangapi?" aliuliza Wisal.

"Hajati tu."

Aliingia, akapiga magoti, akaziba. Alikata uzi kwa meno. Kisha akasimama, akatoa kikapuni karatasi ndogo ya kijani yenye mihuri minne juu yake, mmoja umelalia mwingine, akampa.

"Toboa," alisema. "Au hujui kazi yako?"

Kitoboleo cha tiketi kilikuwa kikining'inia karibu na usukani tangu siku ya kwanza, hakijatumika. Munzir alikibana. Kilikuwa kigumu kwa kutu, na ilimbidi atumie mikono miwili. Kipande cha karatasi, kidogo kama punje ya dengu, kilianguka sakafuni, na wote wawili walikitazama.

"Sogea, mama," Wisal aliliambia gunia moja, akalisukuma, akaketi dirishani. "Kituo cha Pili. Na usiende mbio."

Walipopita konani, watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Safwan alikuwa akilia waziwazi. Sheikh Nadim alisimama na saa mkononi. Wisal hakuwatazama, alikuwa akitazama michungwa kwa juu, jinsi ilivyo ya mviringo, jinsi kila mti ulivyo na kivuli chake peke yake. "Kumbe unayaona haya kila siku," alisema, "na hukuniambia."

Kituo cha Pili kilikuwa bamba la zege juu ya nguzo, bila paa, bila ukuta, bila ngazi, na upepo wa bahari ukipita huku na huku. Mlango ulifunguka. Wisal akashuka. Alisimama pale katikati ya anga na kikapu chake, akageuka.

"Nimefika," alisema. "Nenda."

Treni haikujua kurudi nyuma. Munzir akaenda. Kiapo kilikuwa kimetimia, sheikh alikwisha kuinua mkono juu kule konani, akaonekana kwa mbali, na watu wote wakapiga kelele, "Shuka! Shuka, Baba Hilal!" Angeweza kushuka. Alifika Kituo cha Kwanza, mlango ukafunguka wenyewe, jukwaa likawa pale pale, shubiri moja. Hakushuka. Aliufunga mlango akaendelea.

Kituo cha Pili Wisal alikuwa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, anamenya chungwa.

"Panda, Mama Hilal."

"Sema kwanza hutaapa tena."

Munzir alijaa furaha. Alifungua mikono yote miwili. "Wallahi, talaka iwe juu ya..."

Aliisikia sauti yake mwenyewe. Alifunga mdomo kwa nguvu hivi kwamba meno yaligongana. Wisal aliendelea kumenya.

"Zunguka," alisema.

Alizunguka. Konani walimwuliza kuna nini, akapita. Dakika tisa. Aliporudi alikuwa ametunga maneno mazuri, marefu, yenye jina la Mungu ndani yake na makaburi ya wazee wake wote wawili. Alianza kuyasema. Wisal alitikisa kichwa kabla hajafika kaburi la kwanza.

"Zunguka."

Mara ya tatu hakutunga kitu. Alipita juu ya gurudumu tupu, juu ya ngazi za kwenda kusikokuwako, na kichwani mwake hamkuwa na sentensi yoyote. Ilikuwa hali ngeni, kama chumba kilichoondolewa vyombo. Mlango ulipofunguka alisimama tu na kofia mkononi.

"Hutaapa tena?" aliuliza Wisal.

"Hapana."

"Hapana nini?"

Alifikiri. "Hapana tu."

Wisal alimtazama kwa muda, akitafuta kama kuna kitu kilichofichwa nyuma ya neno lile. Kisha alifuta mikono yake kwa kitambaa, akamkabidhi nusu ya chungwa iliyobaki, akapanda.

Maonyesho hayakufunguliwa. Mwaka uliofuata vita vilikuja, mchanga wa magunia yale ukachukuliwa kujenga vizuizi vya njia panda, na reli ikabaki hewani mpaka leo, ndege wameizoea. Munzir alizeeka akiuza mbegu za maboga karibu na ile kona. Watu walimjaribu miaka mingi wapate kumsikia akiapa, akawa anasema ndiyo au hapana, na mbegu zake zilinunuliwa hata na wasiozipenda, kwa sababu akisema zimechomwa leo, zimechomwa leo.

Lakini jioni ile ya Alhamisi, alipokwisha kumteremsha mkewe Kituo cha Kwanza na kushuka mwenyewe, alijaza fomu ya siku kama ilivyompasa. Kwenye sanduku la Idadi ya Abiria aliandika: mmoja. Ustadh Rizkallah aliirudisha kesho yake asubuhi na maneno mekundu pembeni: Magunia arobaini na manane yalikwenda wapi? Sahihisha. Munzir aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia yake, akapanda kazini, akawaamkia abiria wake.